Amefika

Mimi ndiye niliyeita jina.
Dirisha la pili, zahanati, Isevya, Jumanne,
mafaili ya kaki yamenifika kidevuni:
"Mihayo Kapela! Mihayo Kapela!"
Benchi zima likageuka kutafuta mwanamume.

Hakusimama mtu.
Palikuwa na dada mwenye kitenge cha samawati
ameinamia kucha zake kana kwamba anazihesabu,
na harufu ya gongo ilinifikia kabla ya macho yake.
Nikaita mara ya tatu, kwa sauti ya mnada.
Akanyanyuka,
akalipita dirisha langu,
akatoka.

Nilicheka. Naandika haya kwa sababu nilicheka,
na mama mmoja mwenye mtoto wa surua akacheka nami,
tukawa ndugu kwa nusu dakika.

Anaitwa Nyamizi. Nililijua jina baadaye, stesheni,
akiuza asali kwenye chupa zilizokuwa za konyagi
(Tabora ndivyo tulivyo, asali hupanga nyumba ya pombe).
Hakunipunguzia hata shilingi.
"Wewe si yule wa dirishani?"
Nikasema ndiye. Ningesema nini?

"Siku ile nilikunywa ili miguu ikubali kufika," akasema.
"Usiku nakunywa ili niwaendee watu,
asubuhi ili nisiwakumbuke.
Nilibisha mlango wa ushauri wa pombe: kapime kwanza.
Nikabisha mlango wa kupima: rudi ukiwa mkavu.
Kati ya milango hiyo miwili kuna kilabu cha Mama Kalunde.
Pale hawajazi fomu."

Mtu mzima angejibu. Mimi niliifunga chupa kwa gazeti.

Miaka kumi na tisa nimejaza daftari lile.
Safu ya nne, Me au Ke,
nyembamba, haitoshi punje ya mchele.
Usiku ule nikajaribu kumsema kwa Kiswahili,
kisha kwa Kinyamwezi cha bibi:
amefika, ameketi, anaumwa, ameondoka.
Hakuna neno lililouliza kuna nini chini ya kitenge.
Ile "a" ndogo ya mwanzo ilimtosha
kama inavyonitosha mimi,
na mkuu wa wilaya,
na marehemu.
Aliyeuliza ni daftari. Nami nikaliazima koo langu.

Sasa Alhamisi, saa tisa, Sista Bilonda hufungua chumba cha nyuma.
Kipimo, kondomu, vidonge vya kinga,
na kiti cha kuizungumza pombe, vyote chumba kimoja.
Hakuna tangazo mlangoni; tangazo huvunja watu miguu.
Mimi naita namba.

Nyamizi alikuja mara ya kwanza akiwa amelewa kidogo.
Sista hakusema rudi.
Alisema, "Umekula?"
Uji ukatangulia, sindano ikafuata.

Kidonge alipanga kukimeza treni ya Kigoma ikipiga honi.
Treni ikalala njiani siku mbili.
Alinisimulia hilo akicheka mpaka akakohoa;
sasa hungoja adhana ya isha,
na kopo amelijaza pamba lisilie mkobani.

Sitawadanganya. Gongo hajaacha.
Kuna wiki hupotea, na asali yake haionekani stesheni.
Mwenzake aliyekuja naye mwezi wa tatu
alipigwa njiani akirudi, hapo karibu na reli,
na kiti chake tunakikwepa bila kuambizana.

Safu ya nne naiacha wazi.
Mkaguzi akija nitasema wino uliniishia.
Safu ya mwisho ni ya maoni, nayo ni pana,
na neno langu huwa moja.

Leo ni Alhamisi. Saa kumi imepita.
Benchini wapo watatu, uji unapoa.
Kalamu ninayo mkononi,
sijaandika bado.